Kura 195

Mjomba anashikilia kuwa wabunge wanachukiwa kwa sababu hawakutueleza vyema Mswada wa Fedha wa 2024. Shangazi, mfuasi wa ODM tangu nikiwa mdogo, anasema wanachukiwa kwa kuwa ni muhuri tu wa Ikulu. Chapati hupoa mezani wakibishana.

Tulielewa, mjomba. Tuliusoma. Juni 25 wakaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, na nje ya Bunge vijana wakapigwa risasi.

Agosti, John Mbadi wa ODM akaapishwa kuwa Waziri wa Fedha. Tangu hapo lawama za shangazi zimepata adabu.

Binti ya mjomba alikuwa barabarani siku ile. Wakianza, huchukua sahani yake akala nje.