Mti wa Eshi na Mwenye Bustani Kubwa

Katika nchi ya Uingereza, mwenye bustani kubwa mara nyingi huwa na mti wa eshi mpakani mwa kiwanja chake. Ni mti wa asili ya nchi ile. Huweza kufika futi 100 kwenda juu, na matawi yake hutanda pande zote. Wakati wa baridi machipukizi yake huwa meusi kama makaa. Nayo majani huchelewa kutoka, hata miti mingine imekwisha kuvaa kijani.

Kwa mkulima, eshi ni rafiki wa kale. Ubao wake ni mgumu, lakini hunepa upesi bila kuvunjika. Ndiyo sababu tangu zamani umefanyizwa mipini ya shoka na nyundo, na makasia ya mashua. Ukikatwa karibu na ardhi, kisiki huchipuka tena, na mwenyewe huvuna fito baada ya miaka michache.

Lakini haufai ua mdogo. Mizizi yake hutambaa mbali na kunyonya maji mengi, hata mimea iliyo karibu hudhoofika. Mwenye busara huupanda mbali na nyumba, umbali upitao urefu utakaoufikia, penye udongo wa rutuba na unyevu usiotuama. Kivuli chake ni chepesi, na nyasi hustawi chini yake. Mbegu zake, kila moja na bawa lake, huning'inia vishada vishada. Zikianguka, nyingi hulala ardhini miezi kama 18 kabla ya kuota.

Mti huu umepatwa na msiba. Kuvu iliyotoka Asia ya Mashariki, ambako miti ya eshi ya huko imeizoea, ilianza kuua miti nchini Poland. Habari zake zilijulikana mwaka 1992, na mwaka 2012 ikagunduliwa Uingereza. Kuvu hiyo hukaa katika vikonyo vya majani yaliyoanguka, na wakati wa joto vumbi la uzazi wake huchukuliwa na upepo. Majani hunyauka na kuwa meusi, kisha matawi hufa kuanzia ncha zake.

Kwa hofu, watu wengine hushika msumeno mara moja. Ni kweli kwamba mti mgonjwa ulio kando ya njia au nyumba hauna budi kuondolewa, maana matawi yake huweza kukatika ghafula. Lakini mti ulio mbali na watu, ambao bado una majani mengi, yafaa uachwe. Miti yote haifanani. Michache huvumilia ugonjwa, na mkataji mwenye haraka huangusha pia ule ambao ungepona na kuzaa.

Wataalamu wameitafuta miti hiyo michache. Mwaka 2020, katika jimbo la Hampshire, ilifunguliwa hifadhi ya miti ya eshi zaidi ya 3,000 iliyotokana na ile iliyoonekana kuvumilia. Mwaka 2025 watafiti wa bustani ya Kew na Chuo Kikuu cha Queen Mary walieleza kwamba katika msitu wa Marden Park, huko Surrey, miti michanga iliyoota yenyewe ilionyesha dalili za kuhimili kuvu kuliko wazee wake. Miti dhaifu ilikuwa ikifa, na iliyo imara ikibaki.

Basi mwenye bustani kubwa asing'oe kila mche wa eshi uotao pembeni. Aiache iwe mingi, atie alama ile ibakiyo na majani mazima kila mwaka, na akusanye majani yaliyoanguka chini ya mti ayachome. Kazi hii haina gharama kubwa. Yataka nafasi na subira. Nafasi anayo tayari, na subira hana budi kujifunza.