Ubao wa Gololi na Kiunganishi Kilichogeuka

Miongoni mwa zana za kufundishia tulizopata kuziunda kwa mikono yetu, hakuna iliyopendwa na watoto kuliko ubao wa gololi, wala hakuna iliyotuaibisha kuliko huo. Mwalimu aliye chuoni atauona ubao wa namna hii kuwa jambo jepesi: mbao, misumari, nyaya kidogo na betri. Naam, ni jepesi, isipokuwa pale nyaya zinapokutana.

Mchezo wenyewe asili yake ni mbali. Mashine za gololi zenye taa na kengele zilitengenezwa kwa wingi mjini Chicago, Marekani, na mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya mji huo ilitoa mashine iitwayo Humpty Dumpty, iliyokuwa na vibawa vya umeme vya kuipiga gololi irudi juu mchezaji abonyezapo kitufe. Wetu haukuwa na vibawa. Ulikuwa ubao wa plaiwudi ulioinamishwa, wenye misumari ya kuiyumbisha gololi, na chini yake matundu manane yenye namba 2 hadi 9. Pembeni tulisimamisha kibao cha pili chenye balbu nane za tochi, kila moja chini ya jawabu lake. Siku ya jedwali la sita, gololi ikitumbukia katika tundu la 3, balbu ya 18 huwaka. Kibao cha taa kililielekea darasa. Mtoto mchezaji alisimama upande wa pili, akiyaona matundu tu. Yeye hutaja jawabu, na taa humsadiki au humkana.

Nyaya zake zilikwenda hivi. Betri mbili za tochi, kila moja volti 1.5, zilikaa katika sanduku chini ya ubao. Kutoka upande wa chanya ulitoka waya mmoja wa shirika, uliopita balbu hata balbu ukizigusa zote nane. Kila balbu kisha ilikuwa na waya wake peke yake, ulioshuka hadi kwenye tundu lake. Katika tundu tuliweka vipande viwili vya bati la kopo visivyogusana. Uzito wa gololi hukikandamiza cha juu kikakigusa cha chini, na umeme ukarudi kwenye hasi. Kwa sababu ya ule waya wa shirika, nyaya tisa zilitosha mahali ambapo zingehitajika kumi na sita. (Umeme wa ukutani usitumike kabisa katika zana ya watoto. Volti 230 huua, na betri zatosha.)

Wiki ya kwanza tuliipoteza kwenye viungo. Waya wetu wa shaba ulitoka katika mota mbovu, nao hupakwa vanishi isiyopitisha umeme. Waya unang'aa kama shaba tupu, kumbe umevaa nguo. Tuliusokota, tukaukaza, taa haikuwaka, tukailaumu betri. Hapana budi ncha zikwanguliwe kwa wembe au msasa pande zote. Bati la kopo nalo lina rangi ya kukwanguliwa. Tangu siku hiyo, taa isipowaka, twatazama viungo kwanza na betri mwisho.

Ili ubao uingie kabatini, kibao cha taa kilipaswa kung'oka. Tukaunda kiunganishi: kijiti kimoja chenye misumari tisa iliyosafishwa, na kingine chenye vikunjo tisa vya bati vya kuipokea. Nyaya za matundu 2, 3, 4 na 5 tuliziweka upande mmoja, za 6, 7, 8 na 9 upande wa pili, na waya wa shirika katikati. Ulipendeza macho kwa ulinganifu wake, na hapo ndipo tulipokosea.

Asubuhi moja, kwa haraka, tulikichomeka kiunganishi kinyume. Waya wa shirika, kwa kuwa u katikati, ulibaki mahali pake, na taa ziliwaka vizuri kabisa. Lakini tundu la 2 sasa liliwasha taa ya 9, la 3 likawasha ya 8, la 4 ya 7, na la 5 ya 6. Kama taa zote zingezimika tungejua papo hapo kwamba pana kasoro.

Mvulana mmoja wa Darasa la Tatu, mtoto mpole asiyenyosha kidole mara nyingi, aliitupa gololi, akatazama tundu, akasema, "Arobaini na mbili." Taa ikawaka kwenye 24. Darasa likacheka. Sisi tulikuwa ubaoni tukiandika alama. Tukaitazama taa, hatukulitazama tundu. Tukamwambia amegeuza tarakimu, akae chini. Akasema, "Lakini mwalimu, ni saba." Tukamwambia asibishane.

Wakati wa mapumziko alikuja mlangoni. "Samahani, mwalimu. Naomba kuijaribu tena." Akaitia gololi kwa mkono katika kila tundu, akienda kutazama taa na kurudi, akaandika jozi nane katika daftari lake. Akatuonyesha ukurasa bila neno. Tulikuwa na cheti cha ualimu, naye alikuwa na umri wa miaka tisa.

Tulirudi darasani tukamwomba radhi mbele ya wenziwe. Mwalimu mmoja mwenzetu aliona tumejishusha. Hatukukubaliana naye, wala hatukubaliani naye hadi leo.

Mashine za Chicago zilizo na kichwa cha kung'olewa hutumia plagi ambazo umbo lake haliziruhusu kuingia kinyume. Chama cha watengenezaji wa mashine za michezo cha Japani nacho, kilipoweka mwaka 1985 kiunganishi kimoja kwa michezo ya aina nyingi, chenye migusano 56, yaani 28 kila upande, kiliacha nafasi moja iwe ya ufunguo, ili kadi ya mchezo isigeuzwe. Sisi tuliongeza kijiti kidogo cha mwanzi karibu na msumari wa pili, na tundu la kukipokea upande wa pili. Kiunganishi kikigeuzwa, mwanzi hugonga mbao na hakiingii. Kila waya tuliufunga karatasi yenye namba yake ncha zote mbili.

Tundu la mwanzi alilitoboa mvulana yule kwa msumari wa moto, nasi tukamshikia mbao. Kila asubuhi ya hesabu yeye ndiye aliyeitia gololi katika matundu manane kabla ya kengele, akasoma jozi zake kwa sauti, tukazisikiliza.