Kidole Kwenye Kitufe

Juzi usiku mpwa wangu alinipigia kutoka Chilangala. Programu yake ya lugha ya C imeganda. Inaianzisha programu nyingine ifanye kazi nyuma, inaipelekea hesabu, kisha inangoja jibu. "Mjomba, haifi wala haijibu. Zote mbili zimenyamaza." Nikamuuliza kama anaijua redio kolu. Haijui. Hata neno "ova" hajapata kulisikia.

Redio yetu ilikuwa Newala mjini, nyuma ya ghala la korosho. Mimi nasema 1983, dada yangu anasema 1985, mwaka aliojifungua kifunguamimba wake. Basi na uwe wake. Chumba kilinuka tindikali ya betri ya gari, ikichanganyika na harufu kali ya maganda ya korosho. Hata leo nikifungua boneti koo hunikaba. Waya wa antena ulipandishwa juu ya mwembe. Mzee wa redio alikuwa na kitambaa cheupe cha kufutia maiki, akikikunja mara nne kila alipomaliza. Alibonyeza kitufe, akasema, akatamka "ova", akaachia kidole. Asiyeachia hasikii.

Siku moja alipitiwa, hakusema ova. Mtwara wakamngoja, naye akawangoja. Kwenye benchi alikaa mama ambaye mwanawe amelazwa huko, ameukamata upindo wa kanga kwa mikono miwili. Taa ya redio ilianza kufifia ndipo mzee aliposhtuka, akabonyeza, akasema neno lile moja tu. Sauti ikaja hapo hapo: mtoto anakunywa uji.

Miaka kumi baadaye nilijifunza C Dar es Salaam. Mtaalamu wa kompyuta Doug McIlroy alipendekeza mwaka 1964 programu ziungane kama mipira ya kumwagilia bustani. Ken Thompson akayatia mabomba hayo kwenye mfumo wa Unix mwaka 1973. Sisi wa uwanda wa juu, tuliokuwa tukishuka bondeni kuteka maji, bomba hatuhitaji kuelezwa: linapeleka upande mmoja. Wakitaka kusemezana wawili, yawe mabomba mawili. Unaita pipe mara mbili, kisha fork, na kila upande unafunga ncha zisizo zake, la sivyo msomaji hatajua kwamba mwenzake amemaliza. Tena maneno ya printf yakielekezwa kwenye bomba hayatoki mstari kwa mstari kama kwenye skrini. Yanajikusanya kwenye bafa mpaka ijae, au uyasukume kwa fflush.

Minara ya simu ikaja, redio ikazimwa, ghala likavunjwa. Kinachoniudhi ni vijana wenye akili kama mpwa wangu kupewa msimbo wa kunakili bila mtu wa kuwaambia zamu ni ya nani.

Nikamwambia aweke fflush baada ya kila printf, katika programu ya mbele na ya nyuma. Nikasikia vitufe, kisha kimya, kisha "Mjomba, imejibu!" Akataka kujua redio ilikaa wapi. Nikamwelekeza kwenye mwembe. Kipande cha waya bado kimo, gome limekimeza.