Kabla Umwambie Mtu "Komaa"

Wasee, leo naongelea mashine ambayo wengi wetu hatutawahi kuigusa: ile ya kujaza upya maganda ya risasi. Hapa Kenya usijaribu, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Mimi naijua kwa sababu ya vibarua vya mtandaoni. Mteja mmoja Mmarekani alinipa video ninukuu maneno yake, na huko kwao kuna wazee wanaofanya hii kitu gereji, kihalali, vile babu yako anafuga kuku.

Risasi ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa kinachoruka. Fataki ni kikombe kidogo kinachokaa kwenye kitako cha ganda. Ikigongwa, inawasha baruti. Ganda likishatumika unatoa fataki kuukuu, unapachika mpya, unaweka baruti na kichwa. Kazi yako ni kuvuta mkono wa mashine.

Kwenye video zote nilizonukuu, kisirani kilikuwa fataki. Zinapangwa ndani ya mrija, mara nyingi 100, zinashuka moja moja kwa uzito wake. Siku zingine hazishuki, kwa sababu mrija umechakaa mdomoni. Siku zingine masizi ya fataki kuukuu yamejaa pale chini. Au ganda ni la jeshi, na ukingo wa tundu umebanwa. Au ni ganda la .45 ACP: mengine yana tundu la fataki kubwa, milimita 5.3, mengine la ndogo, milimita 4.4, na ukiyaangalia kwa upande yanafanana kabisa. Hapo ukitumia nguvu, unaponda kitu kilichotengenezwa kilipuke kikigongwa. Na ikilipuka moja, inaweza kuwasha zingine zote kwenye mrija.

Kwa hivyo wale wazee wana sheria: miwani iko machoni, na mkono ukiwa mzito, unaacha. Hawaongezi nguvu. Wanarudi nyuma hatua moja moja hadi wapate kilichokwama.

Manze, hiyo sheria ilinigusa, kwa sababu chuoni niliambiwa kinyume chake.

Mwaka wa pili, somo moja lilikosa alama. Mtihani niliufanya na orodha nikaweka sahihi. Kwenye mfumo, hakuna kitu. Idara ikanituma kwa mhadhiri, mhadhiri akanirudisha idara. Kila mtu, kuanzia karani hadi mjomba wangu, alinipa neno moja: "Komaa, rudia tu." Nikarudia, na nikalipia kurudia, pesa ambazo mamangu alikopa kwa chama. Muhula ukaisha, alama zikakosa tena. Karani akaniangalia akasema, "Si urudie?"

Hakuna hata mmoja aliyeuliza karatasi zangu zilikwama meza gani. Nikamwambia mama, "Mathe, sivuti tena." Alinyamaza sana. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Leo nikitaja kwamba niliacha chuo, watu huona kijana asiyeweza kuvumilia. Lakini uvumilivu haungeleta zile alama. Mtihani ningeufanya mara kumi, na kama hakuna anayeziingiza, nitabaki na nafasi tupu kumi. Shida haikuwa kwa anayevuta.

Na hapa ndipo yule mzee wa gereji ananishinda. Mashine ni yake, bisibisi iko mfukoni, akitaka kuifungua anaifungua. Mwanafunzi anavuta mkono wa mashine ambayo funguo ziko kwa watu wengine, na hao ndio wanamwambia akomae.

Kama bado uko kampasi, piga picha kila fomu, weka kila risiti, ingia ofisini na maandishi, na uulize swali moja tu: imekwama wapi, na nani anaweza kufungua? Usitoe shilingi ya kurudia kabla upate jibu.

Na kama wewe ndiye uko upande ule mwingine wa meza, tafadhali, fungua mashine uangalie.