Tulivyokwenda Addis Ababa Wakati wa Krismasi

Desturi ya Krismasi katika nchi yetu yajulikana na wote. Kila aliyeajiriwa mjini, awe karani, mwalimu au mpishi, hufunga mzigo wake wa sukari, mchele na nguo za watoto, akapanda basi kwenda kwao. Asiyekwenda huulizwa sababu, na asipokuwa na jibu la maana husemwa mpaka Pasaka. Kwa hiyo yanipasa kueleza kwanza kwa nini mwezi wa Desemba 2024 mimi na rafiki yangu, ambaye ni mwalimu, hatukuonekana nyumbani, bali tulikuwa Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Sababu yenyewe ni mzee, baba yake rafiki yangu. Mzee huyu amepita miaka 80. Mwaka 1940 baba yake mkubwa aliandikwa katika jeshi la King's African Rifles, naye mzee wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mwaka uliofuata jeshi lilikwenda Uhabeshi kupigana na Waitalia, na baba mkubwa hakurudi. Chifu alileta habari ya kifo, basi, hakueleza mahali. Tangu hapo, kila Krismasi watu wa mji ule wakikutanika na mbuzi akichinjwa, wazee hutaja majina ya waliotangulia na mahali walipolala. Wakifika kwa huyu mmoja hutaja jina, kisha hunyamaza. Rafiki yangu alipomwambia baba yake kwamba ana akiba ya kutosha safari, na kwamba livu yake na yangu zimelingana, mzee hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Nendeni. Mwaka huu mtakula Krismasi kwa wageni. Mkirudi, niambieni nchi ile ilivyo."

Safari si ngumu kama wengi wanavyodhani. Kwa ndege, kutoka Nairobi hadi Addis Ababa ni mwendo wa kama saa mbili, na mtu wa Kenya haombi viza kwa ziara fupi, pasipoti yatosha. Iko pia njia ya barabara, nayo hupitia Isiolo, Marsabit na Moyale, lakini siku zetu zilikuwa chache, tukaona heri kulipa nauli ya ndege na kula kwa uangalifu baadaye.

Mji wa Addis Ababa ulianzishwa mwaka 1886, wakati wa Mfalme Menelik wa Pili na mkewe Taytu, na jina lake maana yake ni Ua Jipya. Umekaa juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, yaani kupita Nairobi yetu. Mgeni akipanda ngazi siku ya kwanza hupumua kama mzee, na usiku wa Desemba hutaka blanketi mbili. Kaskazini mwa mji iko milima ya Entoto, ambayo imefunikwa na mikaratusi. Miti hiyo asili yake ni Australia, nayo ilipandwa kwa wingi tangu siku za Menelik kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha. Mkulima atakayesoma haya atafahamu mara moja. Mji mkubwa usio na kuni ni mji wa kuhamwa.

Jambo la kwanza lililotufurahisha ni saa. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi Waswahili: jua likichomoza na kupanda kidogo ni saa moja, na adhuhuri ni saa sita. Katika nyumba ya wageni tulimolala, mtumishi alimwambia Mzungu mmoja, kwa Kiingereza, kwamba gari lake litafika saa mbili. Mzungu akaenda kulala tena, akitazamia gari baada ya chakula cha mchana. Sisi tulikuwa tumekwisha fahamu, tukamgongea mlango.

Kalenda, lakini, ilitushinda. Mwaka wao una miezi 13: 12 ya siku 30 kila mmoja, na wa mwisho wa siku tano, au sita katika mwaka mrefu. Hesabu ya miaka nayo iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Basi tarehe 25 Desemba 2024, siku ambayo kengele zalia katika kila misheni ya kwetu, kwao ilikuwa tarehe 16 ya mwezi wa Tahsas, mwaka 2017, na siku ya kazi kama siku nyingine. Maduka yalikuwa wazi, wachukuzi walibeba mizigo katika soko kubwa liitwalo Merkato, na mafundi walikuwa wakijenga barabara, maana wakati huo sehemu nyingi za mji, hasa mtaa wa kale wa Piassa, zilikuwa zikibomolewa na kutengenezwa upya. Krismasi yao, waiitayo Genna, huangukia tarehe 7 Januari.

Tena walikuwa katika mfungo. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga zaidi ya siku 40 kabla ya Genna, wasile nyama, wala mayai, wala maziwa. Kwa hiyo siku yetu ya Krismasi mama mwenye nyumba alituandalia injera, ambayo ni mkate mpana na laini wa nafaka ndogo iitwayo tefu, pamoja na shiro, yaani mchuzi mzito wa unga wa dengu na viungo. Kisha alikaanga kahawa mbele yetu, akaitwanga, akaipika katika chungu chenye shingo ndefu. Kahawa hunywewa mara tatu, na kila mara ina jina: ya kwanza abol, ya pili tona, na ya tatu huitwa baraka, neno ambalo hatukuhitaji mkalimani. Rafiki yangu aliuliza kwa nini mtu asiondoke baada ya kikombe cha kwanza. Mama yule akacheka, akasema kwamba anayeondoka mapema ameacha baraka yake chunguni.

Siku hiyo hiyo ya Krismasi, baada ya kahawa, tulikwenda katika makaburi ya askari wa vita. Ni mahali palipotunzwa vizuri, majani yamekatwa na mawe yamepangwa kwa mistari kama askari gwarideni. Tulianza mstari wa kwanza, mimi upande huu na mwenzangu upande ule, tukasoma jina baada ya jina. Ilituchukua muda mrefu. Jina tulilolitafuta halikuwapo.

Mlinzi wa mahali pale, mzee mwenye shuka nyeupe mabegani, alituuliza tulikotoka. Tulipomwambia Kenya na kueleza haja yetu, aliuliza jambo moja tu: namba ya askari ni ipi? Hatukuwa nayo. Katika ukoo wa rafiki yangu hakuna karatasi hata moja iliyobaki. Nyumba iliyokuwa na sanduku iliungua moto zamani. Mlinzi alieleza kwamba jina peke yake ni gumu, kwa sababu majina ya askari wa Kiafrika yaliandikwa na makarani wageni jinsi masikio yao yalivyosikia, lakini namba haibadiliki. Rafiki yangu alivua kofia, akasimama kitambo. Sikumsemesha.

Kesho yake tulikwenda kutazama mambo ya vita hivyo ili tuweze kumweleza mzee. Waitalia waliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936. Katika uwanja wa Sidist Kilo liko nguzo la ukumbusho wa watu wengi waliouawa mjini mwezi wa Februari 1937, baada ya jaribio la kumwua mtawala wa Kitaliani, Graziani. Picha za mauaji hayo zimechongwa pande zake, wala si picha za kutazamwa na mtoto. Mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya, na ndani yake askari wa Afrika ya Mashariki, ya Magharibi na ya Kusini, yalipita Kismayu, Mogadishu na Harar, na mji ukatwaliwa tarehe 6 Aprili. Mfalme Haile Selassie akarudi tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu mji wake uliponyang'anywa, na nguzo ya Arat Kilo inakumbusha siku hiyo. Vita lakini havikuisha mpaka Novemba, Gondar uliposalimu amri. Mahali pa mtu kufia, basi, palikuwa pengi.

Tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Malaika Gabrieli kwao, tulikuta umati wa watu waliovaa mashuka meupe. Tulivua viatu mlangoni mwa kanisa. Wanaume walisimama upande wao na wanawake upande wao, wengi wakiegemea fimbo ndefu, kwa maana ibada ni ya saa nyingi. Ngoma zilipigwa polepole, na sanduku takatifu lilipotolewa nje chini ya miavuli ya rangi, vigelegele vilipanda kama vya arusi za kwetu. Rafiki yangu aliniambia kwa sauti ndogo, "Kama alizikwa karibu na watu hawa, hakuzikwa kati ya wasiojua kuomboleza."

Tulirudi Nairobi tarehe 2 Januari 2025, kabla ya Genna, ingawa mama mwenye nyumba alitusihi tungoje, akisema siku hiyo tutakula kuku. Mwisho wa juma tukaenda kwa mzee. Tulimwambia kweli, kwamba kaburi hatukulipata. Tukamweleza baridi, mikaratusi, kahawa ya vikombe vitatu, na uwanja wa Arat Kilo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mvua yao huja mwezi gani?" Tukamjibu kwamba mvua kubwa huanza Juni hadi Septemba. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa shamba. Mwanawe sasa ameandika barua kwa wenye kutunza makaburi ya vita, nasi twangoja jibu. Hata pale Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, uko ukumbusho wa askari wa Afrika ya Mashariki wasiojulikana makaburi yao, na huko nako tutakwenda kusoma.

Nina neno moja kwa wasomaji. Katika vijiji vyetu wako wazee wengi ambao ndugu zao walikwenda vita vile. Kama katika sanduku la nyumbani iko karatasi ya jeshi, barua au nishani yenye namba, msiiache iliwe na mchwa. Inakilini namba hiyo katika kitabu, mkampe kila mtoto wa ukoo nakala yake. Nguo huchakaa na majina huandikwa vibaya, lakini namba moja iliyohifadhiwa yaweza kumwambia mzee mahali ndugu yake alipolala, angali hai kusikia.