Mama Yangu na Ndege ya Jumatatu

Wenzangu wengi husimulia katika gazeti hili habari za safari zao. Mimi sijapata kupanda ndege hata siku moja, walakini kwa muda wa miaka miwili saa za ndege ndizo zilizotawala nyumba yetu, nami nataka kuwaeleza sababu yake.

Mama ni mhasibu wa serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini ofisi nyingi zilihama baada ya mwaka 2016, na ya Mama ilikuwa mojawapo. Sisi tulibaki Mbagala, Dar es Salaam, kwa kuwa Bibi mzaa mama alikuwa amepooza upande mmoja, naye hakutaka hata kusikia habari ya kuhama. "Kama ni kufa," alisema, "nitafia hapa nilipozoea."

Kwanza Mama alisafiri kwa basi. Ni yapata kilomita 450, na safari ile ilimaliza siku nzima. Alifika kwetu Jumamosi jioni, na Jumapili asubuhi akaondoka tena. Mwishoni mwa mwaka 2021 akaanza kwenda kwa ndege. Kila Jumatatu aliamka saa tisa za usiku, akamgeuza Bibi ubavu, akambadilisha nguo, akaenda zake kiwanjani. Saa mbili asubuhi alikuwa mezani pake, maana kiwanja cha ndege cha Dodoma kimo ndani ya mji. Ijumaa usiku alirudi, na zabibu za Bibi mkononi.

Majirani walidhani tumetajirika. Nami, kwa ujinga wa utoto, nalijisifu sana shuleni.

Siku moja nikapiga hesabu. Ndege yenyewe, pangaboi ya viti 76, hukaa hewani kama saa moja tu, lakini tangu Mama kuamka mpaka kufika ofisini zilipita saa tano. Nikamwambia kwamba anatupa fedha. Hakukasirika. Akanijibu, "Mwanangu, mimi sinunui mwendo. Nanunua usiku wa Jumapili."

Nalimwelewa. Siku nyingine zote tulimgeuza Bibi mimi na dada yangu, naye aliguna mpaka kukicha. Akiwapo Mama, alilala kama mtoto mchanga. Ijumaa moja ndege iliahirishwa, Mama akafika kesho yake adhuhuri, na Bibi hakukubali kutia kitu kinywani mpaka alipomwona mlangoni.

Lakini mshahara wa mhasibu hautoshi nauli kama hizo. Huko Kibaha tulikuwa na kiwanja cha nyumba, alichokinunua Mama pamoja na marehemu Baba, na mipakani tulikuwa tumepanda miembe minne. Kiwanja kile kikauzwa. Sikuulizwa, wala mtoto haulizwi mambo kama hayo, ila nalimnunia Mama muda wa majuma matatu. Hata leo sina hakika kama nalikosa.

Bibi alifariki mwezi wa Januari 2024, usiku wa Jumapili, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mama. Tiketi ya asubuhi ile ikapotea bure, na hakuna aliyeikumbuka.

Mwezi wa Julai mwaka uo huo treni ya umeme ikaanza kufika Dodoma. Siku hizi Mama huenda nayo Jumapili, kwa nauli ndogo kuliko ya ndege, wala hana haraka tena. Majuma mengine harudi kabisa.

Likizo iliyopita tulipita Kibaha kwa basi. Aliyekinunua kiwanja amejenga nyumba ya bati jekundu, na miembe miwili imeanza kuzaa. Mama alikuwa akitazama upande wa pili wa barabara. Mimi niligeuka nikaitazama mpaka ikapotea.