Chipu Ilikuwa Mzee, Nikajiita Mjinga

Wasee, hii stori nimeikalia kitambo. Nikiwa campo mwaka wa pili nilikuwa na laptopu ya mtumba, Core 2 Duo, ya Linux. Naweka TensorFlow, naandika mstari mmoja tu, import tensorflow, paap! Imededi. Ujumbe wenyewe: "Illegal instruction". Amri haramu! Nikahisi nimeshtakiwa.

Siku tatu nafuta, naweka upya, bando zinaisha. Jamaa mmoja akaniambia hii kitu si ya kila mtu. Nikamwamini.

Kumbe? Kuanzia toleo la 1.6, mwaka wa 2018, TensorFlow ya kupakua ikiwa tayari inataka AVX, amri za hesabu ambazo Intel ilianza kuweka kwa prosesa mwaka wa 2011. Yangu ni ya kabla ya hapo. Programu inatoa amri, chipu haiijui, mfumo unaiua. Basi.

Kama yako inakufa hivyo, andika lscpu kwa terminali, utafute neno avx. Halipo? Usifute kitu tena, shuka toleo la 1.5.

Haya nilijua nikiwa nishaacha masomo. Fees pia zilichangia, sitadanganya. Jana nimeiwasha ile laptopu, nikaweka 1.5 na Python 3.6.

Imefunguka.